Mtoto ni wa nani? Nyumba za Wayahudi katika romani za Marekani, na nyumba zetu za Masako

Hapa kwetu, mgeni akifika kijijini, swali kubwa wazee wanalomuuliza ni hili: "Wewe ni mtoto wa nani?" Jina lake litafuata, na kazi yake itafuata. Kwanza wanataka kujua baba yake, babu yake, na upande wa mama yake ni wapi. Akijibu vizuri, anapewa kiti. Akishindwa kujibu, anapewa kiti vilevile, lakini wazee wanabaki wakitazamana.

Katika kitabu hiki cha mila tumezoea kusoma juu ya mahari, tohara, matanga na ngano za usiku. Mara hii tunaomba wasomaji watuvumilie. Tutatoka kidogo katika pori la Masako, twende mpaka New York, kisha turudi kwa njia ya Katanga. Sababu ni kwamba swali la wazee wetu, watu wengine pia wameliuliza kwa nguvu sana, nao wameliandika katika mabuku. Hao ni Wayahudi wa Marekani. Sisi tunawajua Wayahudi kwa Biblia tu, kama watu wa zamani. Lakini wako mpaka leo, wamezaa, wamehama, wamegombana na watoto wao kama sisi, na tena wamepita mpaka hapa Kongo.

Kuna methali inayosema: mwacha asili ni mtumwa. Ni methali nzuri, ila haielezi asili inakaa wapi. Iko katika damu? Iko katika jina? Iko katika lugha? Hilo njo swali la makala haya.

1. Sheria ya mama na sheria ya baba

Kwetu Wakumu, mtoto ni wa ukoo wa baba. Mambo iko wazi. Lakini kila mtu anajua pia kwamba mahari yasipotolewa, wajomba wanasimama na kusema: mtoto huyu ni wetu. Hata mahari yakitolewa yote, mjomba haondoki. Katika ndoa yuko, katika kilio yuko, na baraka yake au hasira yake inaogopwa. Kwa hiyo hata sisi tunaohesabu kwa baba, hatuwezi kumhesabu mtu nusu.

Kwa Wayahudi iko kinyume. Tangu karne za kwanza za wakati wetu, walimu wao wa sheria waliweka kwamba mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi, hata baba yake awe nani. Mtoto wa baba Myahudi na mama wa taifa lingine si Myahudi, mpaka aingie kwa utaratibu wa dini. Lakini ukuhani, wao pia wanaurithi kwa baba, na tohara ya mtoto wa kiume, siku ya nane baada ya kuzaliwa, ni wajibu wa baba. Unaona basi: nao hawakuweza kumhesabu mtu nusu. Tena sheria yenyewe si jiwe. Mwaka 1983 marabi wa tawi moja la Marekani, wanaoitwa wa Reform, walikubali kumhesabu mtoto wa baba Myahudi kuwa Myahudi, ikiwa amelelewa hivyo na anaonyesha hivyo kwa matendo. Matawi mengine yalikataa, na ubishi huo haujaisha.

Sisi tulitahiriwa tukiwa na akili ya kukumbuka. Wauthier de Mahieu aliandika buku zima, lililotoka mwaka 1985, juu ya tohara ya Wakumu, na linaonyesha kwamba ile kazi ya porini ilikuwa masomo makubwa. Mtoto wa Kiyahudi hatahiriwi kwa kukumbuka. Anakuta alama tayari mwilini, na maisha yake yote anauliza wazazi: hii maana yake nini? Labda njo sababu romani zao zimejaa mabishano kati ya mzazi na mtoto.

2. Romani za baba na mwana, za baba na binti

Kati ya mwaka 1881 na mwaka 1924 Wayahudi zaidi ya milioni 2 walitoka Urusi, Poland na nchi jirani, wakaingia Marekani. Walikimbia umaskini na mauaji. Mwaka 1924 Marekani ilitunga sheria kali, mlango ukafungwa karibu kabisa. Wazazi walifika na lugha ya Kiyidi na desturi za vijiji vya Ulaya. Watoto walienda shule, wakarudi na Kiingereza. Baba aliyekuwa na heshima kijijini akawa mtu asiyejua kuomba njia barabarani bila kusaidiwa na mtoto wake. Sisi wa Masako tunaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Tuko na watoto walioenda mjini Kisangani, wakarudi na Kilingala na Kifaransa, na nyanya anahitaji mtu wa kumtafsiria maneno ya mjukuu wake mwenyewe.

Romani (Watanzania wanasema riwaya) ya Abraham Cahan, The Rise of David Levinsky, ilitoka mwaka 1917. Kijana maskini aliyesoma dini kule Urusi anampoteza mama yake, aliyeuawa kwa kumtetea yeye. Anaenda New York, anaacha masomo ya dini, anatajirika kwa biashara ya nguo. Mwisho wa buku ana mali yote, hana mke wala mtoto, na anasikia kwamba yule kijana maskini wa zamani njo yeye wa kweli. Tajiri yule hakufukuzwa na mtu. Alijipoteza polepole, kila siku kidogo.

Mwaka 1925 mwanamke mmoja, Anzia Yezierska, alitoa Bread Givers. Baba anakaa na mabuku ya dini mchana kutwa, binti wanafanya kazi kumlisha. Anawaoza wale wakubwa kwa watu anaowataka yeye, na ndoa zinakuwa mbaya. Binti mdogo, Sara, anatoroka, anasoma kwa taabu, anakuwa mwalimu. Tungengoja buku liishie hapo, binti ameshinda. Apana. Mwisho, baba amezeeka na yuko katika taabu, na Sara anaona kwamba lazima amchukue nyumbani kwake. Ukali aliokuwa akimkimbia, anaukuta pia ndani ya moyo wake mwenyewe.

Halafu mwaka 1934 alikuja Henry Roth na Call It Sleep. Mtoto David anaishi New York na mama mpole na baba mwenye hasira ya kutisha. Juu ya nini hasira? Baba ana shaka kama mtoto ni wake. Hapo swali letu, "mtoto wa nani?", halitoki tena kwa wazee wa kijiji. Linakaa mezani kila jioni, na mtoto analisikia bila kuambiwa. Buku hilo lilisahauliwa kwa miaka 30. Lilipochapishwa kwa bei nafuu mwaka 1964, lilinunuliwa na watu zaidi ya milioni 1.

Chaim Potok, katika The Chosen ya mwaka 1967, anaonyesha kiongozi wa dini anayemlea mwanawe kimyakimya: hasemi naye neno, isipokuwa wakisoma sheria pamoja. Cheo chake kinarithiwa, na kijana anangojwa akikalie. Kijana anataka masomo ya saikolojia. Baba anaumia, mwisho anamwachia njia. Sisi tuko na familia za machifu na za waganga hapa. Wasomaji watajua tunazungumza nini.

Na Philip Roth, aliyezaliwa Newark mwaka 1933 na kufariki mwaka 2018, alikuwa mwenye kuchokoza kuliko wote. Hadithi zake za kwanza, zilizokusanywa mwaka 1959, ziliwakasirisha Wayahudi wengi. Walisema anatoa siri za nyumba mbele ya maadui, na hiyo ilikuwa miaka 14 tu tangu mauaji makubwa ya Wayahudi Ulaya yaishe. Tusiwacheke. Ni hofu ya kweli: watu waliochukiwa hawapendi mtoto wao atoe uchafu wa ndani. Lakini Roth aliendelea. Katika American Pastoral ya mwaka 1997, mwana wa mwenye kiwanda cha glavu anataka kuoa msichana Mkatoliki. Kabla ya kukubali, mzee wa Kiyahudi anamkalisha yule msichana na kubishana naye, jambo moja baada ya lingine: mtoto atakayezaliwa atabatizwa? Ataenda misa? Noeli itafanywa namna gani? Ni mazungumzo ya mahari kabisa, ila mali inayogawanywa ni roho ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Baadaye huyo mtoto anakua, anatega bomu kupinga vita ya Vietnam, na nyumba inavunjika. Mapatano yote ya wazee hayakumfikia.

Tukiyaweka mabuku haya pamoja, tunaona jambo moja. Hakuna hata moja ambamo mtu anabaki Myahudi kwa damu peke yake. Anabaki kwa sababu ubishi na baba au mama haujaisha. Hata anayekimbia, anakimbia akijibu. Levinsky njo mwenye hasara kuliko wote, maana hana tena mtu wa kubishana naye.

3. Wayahudi wa Katanga

Sasa turudi nchini kwetu. Mbali na wale wa Urusi, kulikuwa na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes. Babu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, wakapokelewa katika ufalme wa Waturuki, wakahifadhi Kihispania chao cha zamani kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1912 Italia iliteka Rhodes. Kazi ilikuwa haba, vijana wakaanza kuondoka. Wengine walikwenda Marekani, hasa Seattle, New York na Los Angeles. Wengine walipanda kutoka kusini mwa Afrika mpaka Katanga, ambako reli ilifika Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1910. Mtu mmoja aliweza kuwa na ndugu Seattle na ndugu Katanga. Tofauti ya familia hizo ilikuwa meli gani walipanda.

Kule Katanga walifanya biashara ya vitambaa, ya samaki, ya maduka madogo vijijini. Sinagogi ya Lubumbashi ilifunguliwa mwaka 1930 na bado inasimama. Rabi Moïse Levy, mtoto wa Rhodes, alifika mwaka 1937, akakaa mpaka mwaka 1991. Mwaka 1938 Italia ilitangaza sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, na wengine wakakimbilia huku. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi wa Rhodes waliobaki, wapatao 1,700, wakawapeleka Auschwitz. Walirudi kama 150. Katanga kulikuwa na watu waliopoteza wazazi, dada na wajomba kwa mwezi mmoja, bila kaburi la kulilia. Baada ya uhuru wengi waliondoka, na zaidi tena baada ya Mobutu kunyang'anya biashara za wageni mwaka 1973. Habari zao zilikusanywa na Moïse Rahmani katika buku Shalom Bwana, mwaka 2002.

Lakini liko jambo ambalo linatugusa zaidi. Wafanyabiashara wale walifika wakiwa vijana wasio na wake. Baadhi walizaa na mama Wakongomani. Sasa tazama hesabu: kwa sheria ya Kiyahudi, mtoto huyo si Myahudi, kwa kuwa mama si Myahudi. Kwa kabila linalohesabu kwa baba, baba yake ni mgeni. Kwa Leta la Ubelgiji, alikuwa mulatre, na Leta lilikuwa na mpango wa kuwanyang'anya mama watoto wa wazungu na kuwaweka katika misioni. Mpango huo uliwapata watoto wa Wabelgiji na wa wazungu wengine. Ubelgiji iliomba msamaha mwezi wa Aprili 2019, na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliihukumu kwa ajili ya wanawake watano waliochukuliwa hivyo wakiwa wadogo.

Baadhi ya baba waliwatambua watoto wao, wakawapa jina na masomo. Wengine walinyamaza. Kule Marekani swali la "mtoto wa nani" liliandikwa na kupigiwa kelele. Huku Kongo, mara nyingi lilifungiwa ndani ya nyumba, na mama njo aliyebaki nalo.

4. Swali linapoingia katika siasa

Msomaji asifikiri tunazungumza mambo ya kale tu. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga tangu 2007 mpaka 2015, alizaliwa mwaka 1964 Kashobwe, karibu na ziwa Mweru. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Rhodes aliyefanya biashara ya samaki. Mama yake ni Mkongomani. Sasa watu wengi wa bonde la Luapula, kama Wabemba, wanahesabu ukoo kwa mama. Basi kwa Wayahudi mtu huyu anafuata mama, na kwa desturi ya kule anafuata mama tena. Sheria mbili, zilizozaliwa mbali sana moja na nyingine, zinamweka mahali pamoja: nyumbani kwa mama yake.

Sheria ya nchi, ya tarehe 12 Novemba 2004, inasema pia kwamba mtoto ni Mkongomani ikiwa mmoja wa wazazi, baba ama mama, ni Mkongomani. Lakini mwaka 2021 uliletwa bungeni mswada, unaojulikana kwa jina la Noël Tshiani, wa kumtaka rais azaliwe na baba na mama Wakongomani wote wawili. Watu wengi waliona unamlenga Katumbi. Haukuwa sheria kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023, naye alisimama, akawa wa pili. Sisi hatuandiki hapa kumpigia mtu kampeni. Tunaonyesha tu kwamba swali la wazee wetu, likitoka barazani na kupelekwa bungeni, linaweza kumfungia mtu mlango wa nyumba aliyozaliwa.

5. Anayeingia kwa mlango

Na yule asiyezaliwa ndani, je? Mwandishi Bernard Malamud, katika The Assistant ya mwaka 1957, anasimulia habari za kijana Mwitalia anayemwibia muuza duka maskini Myahudi, kisha anarudi kumtumikia kwa toba. Mzee anapokufa, kijana anabeba duka lake, na mwisho anatahiriwa, anakuwa Myahudi. Anakuwa mwana wa mzee kwa mzigo aliokubali kubeba.

Jirani zetu wa Uganda waliona jambo hilo si katika romani. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kisha akakosana nao, alisoma Agano la Kale, na mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Hakuna rabi aliyemfundisha kwanza. Alifariki mwaka 1928. Watu wake, Abayudaya wa karibu na Mbale, walishika dini hiyo hata Idi Amin alipoikataza. Mwaka 2002 marabi kutoka nje waliwapokea kwa utaratibu wa dini karibu 400. Wazee wao walikuwa wameishi kama Wayahudi zaidi ya miaka 80 kabla ya mtu kuwapa hati.

Sisi wa Kisangani tusishangae. Waungwana waliokuja na Tippu Tip, aliyefanywa wali wa hapa mwaka 1887, hawakuwa wa damu moja. Walikuwa Wamanyema, watu wa pwani, watumwa walioachwa huru, na vijana wa makabila ya huku waliojiunga nao. Walitufanyia lugha hii tunayoandika. Leo nani anamwambia mjukuu wao kwamba si mtu wa Kisangani?

6. Na sisi je?

Pori la akiba la Masako lina hekta 2,105. Liliwekwa na Leta mwaka 1953. Kwa miaka mingi wanafunzi na maprofesa wa Unikis wamepita hapa wakihesabu miti, panya na ndege. Ni kazi njema, tunaishukuru. Lakini nani amehesabu nyumba zetu? Tunajua zaidi juu ya panya wa Masako kuliko juu ya mama waliofika hapa wakikimbia mambo ya 1964, au watoto waliookotwa na kulelewa baada ya vita ya siku sita ya Juni 2000. Wengi wao leo wanajiita Wakumu, wanakula nasi, wanalia nasi. Siku mashamba yatakapogawanywa, mtu atasimama na kuuliza kwa ukali: huyu mtoto wa nani? Na waliojua jibu watakuwa wamekufa.

Wako wanaosema mambo ya nyumba yabaki nyumbani. Tunawaheshimu, njo neno lilelile Wayahudi wa Marekani walimwambia Philip Roth. Lakini tazama matokeo ya pande mbili. Kule walikogombana wazi, wajukuu wanaweza kusoma na kujua babu alikataa nini na alikubali nini. Huku tulikonyamaza, mtoto alibaki akitafuta jina la baba katika makaratasi ya misioni.

Tunapendekeza basi jambo dogo. Kila familia ichukue daftari moja la shule. Iandike upande wa baba, na upande wa mama pia kwa urefu uleule. Iandike aliyeingia kwa ndoa, aliyeingia kwa kulelewa, aliyeingia kwa kukimbia, na nani alimpokea. Iandike hata magomvi: nani alikataa kuozwa, nani aliacha kazi ya baba yake, na kwa sababu gani. Vijana waandike, wazee waseme, na wakibishana, mabishano yenyewe yaandikwe. Tuanze na walio na umri mkubwa, maana msimu wa mvua hauwangoji.

Siku moja labda mtoto wa Masako atatoa romani katika madaftari hayo. Asipotoa, si kitu. Atakapoulizwa ni mtoto wa nani, atakuwa na la kujibu.